Mrejesho: Wimbo wa tangazo la shampuu ya chupa nyekundu

Ndugu zangu, nawashukuru kwa majibu yenu nilipouliza jina la wimbo wa Kijapani uliosikika katika tangazo la shampuu ya chupa nyekundu. Nimeupata: ni "Dear WOMAN" wa kundi la SMAP, uliotoka mwaka 2006, mwaka uleule kampuni ya vipodozi ya Shiseido walipozindua shampuu hiyo, iitwayo TSUBAKI. Kwa kuwa matangazo mengi ya televisheni nchini Japani hudumu sekunde 15 tu, mara nyingi husikika kiitikio peke yake, ndiyo maana nilikumbuka ile sehemu ya kumkaribisha msikilizaji Japani bila kuzijua beti, ambazo kwangu ni tamu zaidi. Piano ya mwanamuziki Ryuichi Sakamoto katika tangazo la Asience, shampuu ya kampuni ya Kao, mliyonitajia, nayo nimeipenda mno.