Baa ya mjini imechora wazee wa dansi ukutani, huku ikiifukuza bendi yake kwa simu

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira na sitaificha, kwa hiyo atakayeona lugha ni kali anivumilie, asome mpaka mwisho ndiyo anijibu.

Kuna baa moja hapa Dar, katikati ya mji, upande wa Kariakoo. Jina silitaji. Ni baa ya siku nyingi: viti vya chuma, meza za bati, jiko la nyama choma pembeni, na jukwaa la saruji kule nyuma ambalo miaka yote Ijumaa na Jumapili lilikuwa na bendi. Mwaka huu imekarabatiwa. Jukwaa limevunjwa, pamewekwa makochi ya wanaonunua chupa kubwa. Bendi iliyokuwa inapiga pale imepigiwa simu, ikaambiwa isije tena, siku mbili kabla ya onyesho, spika zikiwa zimeshakodiwa. Halafu ukuta mzima umechorwa sura za wanamuziki wa dansi, na bango refu limeandikwa kwamba hapa ndipo nyumbani kwa muziki wa dansi.

Nilisoma bango lile lote nikiwa nimesimama, mhudumu akaniuliza mara mbili kama natafuta meza.

Limeandika Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, ilizaliwa 1983 chini ya DDC. Si kweli. Mlimani Park Orchestra ilianza 1978, ikipiga kwenye baa ya Mlimani Park, chini ya kampuni ya umma ya Tanzania Transport and Taxi Services. Mpiga gitaa Abel Balthazar alitoka bendi ya Dar International na wenzake, mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo akatoka bendi ya JUWATA, na Michael Enoch, aliyekuwa nguzo ya bendi ya Dar es Salaam Jazz, akawemo. Hiyo 1983 ni mwaka ambao Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, liliichukua, ndipo tukaanza kusema DDC Mlimani Park. Ile miaka mitano ya mwanzo imefutwa kwa mstari mmoja. Na ndiyo miaka ambayo mwenye baa yeyote mwenye akili angeishika kwanza, kwa sababu bendi ile ilibeba jina la baa. Haikuanzia studio. Ilianzia mahali watu walipokuwa wanakunywa na kucheza, mahali pa aina ileile ambayo yeye ameivunjia jukwaa.

Tukiteremka chini, bango limeweka NUTA Jazz, JUWATA Jazz na OTTU Jazz kama bendi tatu, kila moja na kisanduku chake. Jamani! Bendi ni moja! Ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, chama kikawa kinabadilika jina na bendi inabadilika nacho, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma, Baba ya Muziki. Mtu yeyote aliyewahi kulipa kiingilio kwenye pambano la Msondo na Sikinde siku ya sikukuu anajua hili bila kufungua kitabu. Maana yake katika ukarabati wote ule, pesa yote ile, hakuna aliyemuuliza hata mlinzi wa zamani wa getini.

Kuna sura imechorwa, chini imeandikwa Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Dar es Salaam. Sura ile ni ya Marijani Rajab. Jabali la Muziki, mtu wa Dar International, kabandikwa jina la mwenzake. Na Mbaraka mwenyewe ni wa Morogoro. Morogoro Jazz ndiyo iliyomtoa, akaenda nayo mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya 1970, baadaye akaunda Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Watu wa Morogoro mnaosoma hapa, mna haki ya kukasirika kuliko mimi.

Dr. Remmy Ongala wamemwandika msanii kutoka Kongo aliyewahi kutembelea Dar. Kutembelea! Alizaliwa Kindu, ndiyo. Alikuja hapa 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akahamia Super Matimila, akaishi hapa, akaimba matatizo ya wanyonge wa mji huu mpaka alipofariki Desemba 2010. Sinza kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Konda anakiita kila siku.

Sasa nieleze vitu viwili nilivyoviona kwa macho, maana ndivyo vilivyonifanya niandike.

Kwanza, sura ya Gurumo. Imechorwa vizuri, aliyechora ni fundi, simlaumu. Lakini luninga kubwa ya mpira imefungwa juu yake, vyuma vya kushikilia vimetobolewa kwenye paji la uso, na jicho moja limefunikwa na ukingo wa kioo. Mechi ikiwa inaendelea huoni kitu ila mdomo na kola ya shati.

Pili, kuna saksafoni ukutani. Saksafoni halisi. Imetobolewa kwenye mwili wake kwa drili, skrubu mbili zimepita mpaka ukutani. Nilisogea nikaangalia: pedi za chini bado zina ngozi, fito zote zipo, na pale gumba linapokaa rangi imelika kwa kushikwa. Kile chombo kilikuwa kinapigika. Kuna vijana wanaojifunza kupuliza ambao wanapokezana chombo kimoja watu wanne, na hapa mtu kakiharibu makusudi kiwe pambo la kupigia picha. Nilishindwa hata kuongea.

Najua kuna watakaosema biashara ni biashara, bendi hailipi. Tuongee biashara basi.

Wasiojua utaratibu wa kumbi zetu, ulikuwa hivi. Bendi ilikula mlangoni, mwenye baa akala kaunta. Kiingilio kilikuwa cha bendi, bia ilikuwa ya mwenye baa, na bendi ikijaza ukumbi wote wawili wanaondoka na pesa. Ndiyo maana bendi ilikuwa inabuni mtindo wake, Sikinde, Msondo, Saboso ya Western Jazz, ili watu waijue na waifuate popote inapopiga. Santuri zilikuwa chache. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zikasikika nchi nzima, lakini redio haikumlisha mtu. Redio ilikutangaza, ukumbi ndio uliokulipa. Hata vyombo vingi havikuwa vya wanamuziki, vilikuwa vya chama, vya shirika au vya tajiri. Ndiyo sababu walikuwa wanahamahama, mara Juwata, mara Sikinde, mara 1985 Gurumo huyo kaenda bendi ya OSS (Orchestra Safari Sound) kuanzisha mtindo wa Ndekule. Mtu alikuwa na sauti yake tu au vidole vyake, na mlango wa Jumapili.

Huyu bwana mwenye baa alianza kuuharibu mlango huo muda mrefu kabla ya kuvunja jukwaa. Alianza kwa kuchukua nusu ya kiingilio, akisema ni ya umeme. Mwaka uliofuata akatangaza kiingilio bure, bendi atailipa yeye. Watu walishangilia, na wengine humu walisifia. Alichoilipa bendi kilikuwa kiasi kilekile kila wiki, ukumbi ujae usijae. Bendi ya watu kumi na tano ikagawana pesa ya watu sita. Wapuliza tarumbeta na saksafoni ndio waliotangulia kupunguzwa, sauti zao zikahamishiwa kwenye kinanda. Wakafuata wa tumba. Gitaa la rizimu ya pili likaondoka, na wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, unasikia pengo, solo inalia peke yake hakuna wa kuijibu. Wateja wakaanza kusema bendi imeshuka kiwango. Yeye akasema mnaona, bendi haina watu. Alimnyima ng'ombe majani, halafu akamlaumu kwa kukosa maziwa.

Mmoja wa wapiga vyombo waliofukuzwa, mzee wetu ninayemheshimu sana, nilipomuuliza kama walipewa barua au kiinua mgongo chochote alisema, "Mwanangu, hata zile waya zetu tulizoziacha stoo hatujarudishiwa." Waya. Vipaza sauti viwili. Na viti vyao vya jukwaani walivyonunua wenyewe.

Sababu aliyowapa ni kelele, eti majirani na NEMC, wale wa mazingira. Nani atakubali hilo? DJ wa sasa anaanza saa mbili usiku mpaka alfajiri, spika zake zinatikisa vioo vya maduka ng'ambo ya barabara. Bendi ilikuwa inamaliza saa sita kamili, wenye familia wanawahi usafiri.

Na tafadhali, asije mtu hapa kusema wazee mnawaonea wivu vijana. Sina tatizo na Bongo Fleva wala singeli. Gurumo alistaafu 2013 akiwa na zaidi ya miaka 50 kwenye muziki, na mwaka huohuo Diamond Platnumz alimpa gari, baada ya mzee kusema muziki haujawahi kumnunulia gari. Aprili 2014 akafariki. Kijana yule alitoa kitu. Huyu mwenye baa amechukua: amechukua sura, amechukua majina, amechukua na saksafoni, na kila chupa inayouzwa chini ya ukuta ule ana faida yake.

Kuna na hili la sheria. DJ anapiga nyimbo za dansi saa moja nzima kila Jumapili, wanaiita "zilipendwa". Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na muziki ukipigwa mahali pa biashara unatakiwa kulipiwa. Nilimuuliza meneja kama wana leseni. Alinijibu, "Hizo nyimbo za zamani hazina mwenyewe." Zina wenyewe. Kwa sheria yetu haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Marijani alifariki 1995, hesabu wewe. Wajane na watoto wapo, wengi wako hapahapa mjini. Hata mwimbaji Hassan Rehani Bitchuka, ambaye jina lake liko kwenye bango lile, hatuhitaji kumkumbuka kwa rangi ya ukuta, nyimbo zake zinapigwa mpaka leo.

Nataka hivi. Bango lile litolewe au lirekebishwe, na nipo tayari kukaa na atakayeandika upya, bure. Luninga ihamishwe ukuta mwingine, nafasi ipo, upande wa vyoo kuna ukuta mtupu. Waya na vipaza sauti vya wazee virudishwe wiki hii. Leseni ya muziki ibandikwe kaunta pale tuione. Na kama hataki bendi, ni baa yake, lakini afute yale maneno "nyumbani kwa muziki wa dansi".

Kwa mnaokwenda pale: mkilipa bili, muulizeni meneja bendi iko wapi. Kila mtu amuulize, kwa adabu, kila siku. Nyie mnaofanya harusi na sherehe za ofisi, bendi hii inakodishwa, na safari hii mlango wote ni wao. Nikipewa ruhusa ya kutoa namba ya kiongozi wao, nitamtumia anayeihitaji binafsi, siiweki hadharani.

Wenye tiketi za zamani, mabango ya maonyesho, picha za jukwaa lile kabla halijavunjwa, ziwekeni hapa chini pamoja na mwaka kama mnaukumbuka. Na yeyote anayemjua aliyeiuza ile saksafoni aseme ilikuwa ya nani.