England: farasi akikanyaga nyasi za mtu anakamatwa, akifa njaa kwa mwenyewe anatazamwa tu

Wakuu, leo naandika kwa hasira, mnivumilie.

Kuna farasi jike kwenye uwanja ninaopita kila siku kwenda kazini. Hatamu ya nailoni aliyovishwa akiwa mdogo haikuwahi kulegezwa, imezama kwenye nyama juu ya pua na pembeni panatoka usaha. Kwato za mbele zimerefuka hadi zimejikunja juu, anatembelea visigino. Ndoo ya maji ni barafu tupu.

Nikapiga simu shirika la hisani la kutetea wanyama. Akaja mkaguzi na sare yake, akasimama getini, akaandika andika, akaondoka. Jibu nililopewa: "yuko chini ya uangalizi." Uangalizi upi? Msimu huu farasi ana manyoya marefu, ukimtazama kwa mbali utadhani kanona. Unatakiwa uweke mkono ubavuni na mgongoni uisikie mifupa. Huyo bwana hata uzio hakuugusa.

Nikaenda kuisoma sheria yenyewe, ndipo presha ikapanda. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, kifungu cha 18: polisi, au mkaguzi aliyeteuliwa na serikali au halmashauri, anaweza kumchukua mnyama daktari wa mifugo akithibitisha kuwa anateseka, au kwamba atateseka hali isipobadilika. Kwa hiyo hakuna haja ya kungoja aanguke! Hali ikiwa mbaya kiasi cha kutoweza kumsubiri daktari, wanaruhusiwa kumchukua hata bila huo uthibitisho. Kifungu cha 19 kinawaruhusu kuingia bila hati ya mahakama, mradi si ndani ya makazi ya mtu. Tangu lini uwanja wa farasi ukawa chumba cha kulala?

Yule wa sare ni wa shirika tu, hakuteuliwa na serikali wala halmashauri, kwa hiyo hana hata moja ya mamlaka hayo. Kisheria ni raia kama mimi, geti likifungwa anabaki nje. (Scotland wenzetu wakaguzi wa shirika lao wanaidhinishwa kutumia nguvu hizo, sijui huku wanaogopa nini.) Na wenye mamlaka hawaji. Polisi wananirudisha kwa shirika, shirika linangoja polisi, halmashauri wanasema hawana mtu wa farasi. Halmashauri hata huwezi kuibana, sheria haiilazimishi kuteua mkaguzi.

Sasa sikieni hii. Kuna Sheria ya Kudhibiti Farasi ya 2015. Farasi akikutwa kwenye ardhi ambayo hana ruhusa ya kuwepo, mwenye ardhi anamzuia, anawaarifu polisi ndani ya saa 24, na saa 96 zikipita bila mwenyewe kujitokeza, ukitoa wikendi na sikukuu, ndio basi tena: anaweza kuuzwa, kugawiwa au hata kuuawa. Akila nyasi za jirani, saa zinahesabiwa. Akioza akiwa hai kwenye uwanja wa mwenyewe, hakuna anayeangalia saa.

Mwaka 2021 walipandisha kifungo cha juu cha ukatili kutoka miezi 6 hadi miaka 5, watu wakapiga makofi. Miaka 5 ya nani, kama hakuna wa kufungua geti? Halafu kosa la kutomtunza mnyama ipasavyo, ambalo ndilo hili la farasi wengi wa aina hii, halikuguswa kabisa na nyongeza hiyo.

Atakuja mtu hapa aseme ni gharama: lori, banda, daktari, malisho ya miezi kesi ikisuasua. Sawa, ni gharama. Ila kifungu hicho hicho cha 18 kinaruhusu zidaiwe kwa mwenye mnyama, na cha 20 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru auzwe au akabidhiwe mtu mwingine bila kusubiri hukumu. Zana zote wanazo mezani!

Wanasheria mliopo huku: neno ni "anaweza", si "lazima". Kuna aliyewahi kuishitaki halmashauri au polisi kwa kukataa kutumia kifungu cha 18? Alianzia wapi? Nahitaji jibu wiki hii, si mwezi ujao.