Gauni la Tarkhan: lirudi Misri au libaki London?

Wadau naomba tulijadili hili maana mimi limenikaa rohoni. Kuna gauni la kitani la Misri ya kale lina zaidi ya miaka 5,000, ndio nguo ya kufumwa kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani, na liko London, makumbusho ya Petrie. Sio sanamu ya farao wala dhahabu, ni nguo tu ya mtu. Lina milia myembamba ya kijivu, mabegani na mikononi limepigwa marinda madogo madogo, halafu kwenye viwiko na kwapani mikunjo ya aliyelivaa bado ipo, tena lilikutwa limegeuzwa nje ndani, yaani aliyelivua alilivuta kupitia kichwani kama tunavyovua tisheti. Hapo ndipo naposhindwa kabisa kuliona kama pambo la kabatini.

Wanaotaka libaki wanasema mwanaakiolojia Flinders Petrie hakuiba, alichimba Tarkhan, makaburi ya kale kusini mwa Cairo, mwaka 1913 kwa kibali na vitu wakagawana na idara ya mambo ya kale ya Misri. Sawa, kibali kilikuwepo. Ila angalieni nani alikuwa anagawa: mkuu wa idara ile wakati huo ni Mfaransa, Gaston Maspero, na nchi iko chini ya jeshi la Waingereza tangu 1882. Mchimbaji Mwingereza, mgawaji Mfaransa, Mmisri yuko shimoni anabeba mchanga. Mgao gani huo?

Mchangiaji: Mkuu, kitani cha zamani hivyo mwanga tu unakiharibu. London wamekitunza, kukisafirisha ni kukiua.

Ndugu yangu, wamekitunza tangu lini? Baada ya 1913 gauni lilikaa kwenye furushi la matambara machafu hakuna aliyejua kama ni gauni, mpaka 1977 furushi lilipopelekwa kusafishwa kwa mafundi wa makumbusho ya Victoria and Albert ya London ndio likaonekana. Miaka 64 hiyo. Wale mafundi nawapa heshima yao, walilishonea kwenye kitambaa chepesi cha kulishikilia lisichanike, na Oxford nao 2015 wakapima kaboni tukajua umri wake, hilo silipingi hata kidogo. Ila usiniambie Wamisri hawajui kutunza nguo, za farao Tutankhamun ziko kwao tangu kaburi lifunguliwe 1922, viguo vya kiunoni, glavu, ndara, na sasa wana makumbusho makubwa pale Giza yamezinduliwa rasmi Novemba 2025.

Kuhusu safari, mafundi wakae chini wapange hata kama itachukua miaka, sina haraka. Ila mtoto wa shule anayekaa karibu na Tarkhan, Giza anaenda asubuhi na jioni yuko kwao. Kuliona hilo gauni leo anahitaji viza ya Uingereza.