Pikapu ya kubebea samaki, Hilux ama D-Max?

kijana_likoni: Asalaam aleikum waungwana, naomba shauri. Nataka pikapu singo kabu (ya viti vya mbele tu) ya dizeli, ya kutoa samaki Shimoni mpaka soko la Kongowea mara nne kwa wiki, kreti na barafu yapata kilo 700 hivi. Saa hii nakodi na faida yote yaishia kwa mwenye gari. Broka amenionyesha Hilux 2.5, rangi yang'ara hadi wajiona uso, na yadi nyengine kuna D-Max 2.5 imechoka kidogo lakini bei ni afadhali. Pesa nyengine ni ya mamangu, sitaki kukosea.

fundi_changamwe: Waleikum salaam. Ndugu yangu, rangi wacha, anza chini. Chukua tochi na nyundo ndogo ulale chini ya gari, gonga chasisi hasa huko nyuma springi zinaposhikia. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, yashuka yaingia ndani ya chasisi, na chasisi ni kama boksi lina uwazi ndani kwa hivyo kutu yala kutoka ndani huku nje waona kuzuri. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi, hapo ogopa sana. Enjini hufunguliwa ikatengezwa, chasisi ilooza hata uiunge vipi itakatika na mzigo njiani. Enjini zote mbili hizo ni nzuri ila nozeli zake za kupuliza dizeli hazitaki dizeli chafu ya mtungi, filta usichelewe kubadilisha. Na uisikize asubuhi ikiwa baridi, kabla hawajaipasha.

mama_samaki: Mwanangu, mie nina D-Max, yaunganishwa hapa Kenya na spea zake nazipata bila taabu. Hilux nayo siku ukitaka kuuza haikutupi, watu waigombania. Yoyote utakayochukua, ukishateremsha mzigo usilale hujaiosha kwa maji matamu, na chini pia, sio bodi tu. Visima vyetu vingi huku ni vya chumvi, ukioshea hayo umeongeza kutu. Mie ya kwanza iliniozea hivyo hivyo na nilikuwa naiosha kila siku wallahi.

abu_mvita: Na sachi ya NTSA, yaani kuangalia rekodi ya gari kwa mamlaka ya usafiri, ufanye mwenyewe, usipokee karatasi ya broka. Gari ikiwa na mkopo wa benki itaonekana. Pesa ya mama hiyo.

kijana_likoni: Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Leo nimerudi. Hilux huko chini nyeusi tititi, nimegonga mara mbili nyundo ikazama, yule broka akaanza kunihimiza twende tukaandikiane. Nimeondoka. D-Max kutu ipo lakini ya juu juu, pagongeka pagumu kote. Fundi, nimewaambia wasiiwashe mpaka nifike, kesho saa moja asubuhi utaweza tufuatane?

fundi_changamwe: Ntakuja. Uje na hiyo nyundo.