Binti wa ami yangu ataka kukaa miezi minane Mombasa: arefushe, avuke Tanga au aombe kibali?

MkaziWaKibokoni
Assalam aleikum jamaa. Binti wa ami yangu amekuja kutoka Leicester na mumewe, wote pasipoti za Uingereza. Waliingia kwa eTA, ile ruhusa ya kuingia Kenya inayoombwa mtandaoni, wakagongewa siku 90. Sasa Mji wa Kale umewanogea, wataka kukaa mpaka baada ya Idi, jumla kama miezi minane. Nimeambiwa njia tatu: kurefusha mtandaoni, kuvuka mpaka wa Lunga Lunga wakalale Tanga, Tanzania, kisha warudi, au kuomba kibali kabisa. Ipi ina nafuu?

BabuKuze
Kurefusha ndiyo njia safi. Ni maombi ya mtandaoni kwa Uhamiaji, malipo kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na yafanywe mapema, si siku ya mwisho. Shemeji yangu Mjerumani alifanya hivyo, pasipoti tukaipeleka ofisi ya Uhamiaji pale jumba la Uhuru na Kazi, barabara ya Mama Ngina. Lakini miezi minane haifiki. Pasi ya mgeni mwisho wake miezi sita kwa jumla. Na wasifanye kazi yoyote ya kulipwa hapa, hata kufundisha Kiingereza mtaani.

DadaUkunda
Hiyo ya Tanga watu waisifu kwa kuwa hawajapiga hesabu. Mwingereza alipa dola 50 za viza Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka (angekuwa Mmarekani, 100). Weka nauli kutoka Likoni na kulala Tanga. Halafu ukirudi, siku utakazogongewa anaamua ofisa aliye dirishani, naye pasipoti yako anaisoma kama wewe usomavyo gazeti. Kwa matembezi nendeni, Tanga pazuri. Kwa kutegemea mhuri, hapana.

mpwani_ke
Vipi ile viza moja ya Afrika Mashariki?

DadaUkunda
Dola 100, siku 90, Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania haimo. Haimsaidii huyu.

NahodhaKongowea
Ngoja kwanza. Binti wa ami yako, kisha waulizia viza? Huyo ami kazaliwa wapi?

MkaziWaKibokoni
Makadara, hapa hapa. Alikuwa raia, akaondoka miaka ya sabini, akachukua uraia wa Uingereza.

NahodhaKongowea
Basi nyote mwajadili mlango wa nyuma na wa mbele uko wazi. Katiba ya 2010, ibara ya 14: kwa aliyezaliwa kabla ya katiba hiyo, ukiwa baba au mama ni raia wa Kenya, au alikuwa raia, wewe ni raia wa kuzaliwa, hata kama ulizaliwa nje. Uraia wa nchi mbili waruhusiwa. Ami mwenyewe, aliyeupoteza kwa sheria ya zamani, aweza kuomba arudishiwe. Kazi iko kwenye karatasi: cheti cha kuzaliwa cha binti chenye jina la baba, na cheti au kitambulisho cha zamani cha baba. Mpigieni simu mzee afungue sanduku. Akishapata pasipoti ya Kenya, habari ya siku 90 kwake imekwisha.

mpwani_ke
Na mume je? Yeye hana ami Makadara 😂

NahodhaKongowea
Mke akiwa raia, mume aombe pasi ya mtegemezi. Uraia kwa ndoa ni baada ya miaka saba, asiuwaze sasa.

DadaUkunda
Ama kibali cha daraja K, kama ametimiza miaka 35 na ana kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka kutoka nje ya Kenya. Wazungu wastaafu wengi wa Diani wako humo. Hakimruhusu kufanya kazi.

MkaziWaKibokoni
Nimempigia ami. Cheti chake anacho, kimekunjwa kwenye mas-hafu! Kwa hiyo tuache kurefusha?

BabuKuze
La, mwanangu. Refusheni wiki hii, wote wawili. Uraia utachukua muda wake, na hizo siku 90 zaendelea kuhesabika. Na broka yeyote atakayewaambia "nipe pasipoti, kesho nakuletea na mhuri", msimpe hata chai.

MkaziWaKibokoni
Twaanza leo baada ya alasiri. Shukran.