Safari ya siku nne kwa gari na watoto: tunakulaje bila kuishia kumwaga chakula njiani?

Mama Mapacha
Habari zenu humu ndani. Mwezi ujao tunasafiri kwa gari siku nne, kwenda na kurudi: mimi, mume wangu, mapacha wetu wa miaka saba, na mama mkwe ambaye daktari amemzuia chumvi nyingi.

Niseme kilichonileta. Safari iliyopita sikulala. Nilipika usiku kucha, nikafungasha, buti likajaa. Siku ya pili mchana nafunua sufuria la maharage, yanatoa povu. Niliyamwaga yote kwenye pipa la kituo cha mafuta, watoto wamesimama wananitazama. Mmoja akaniuliza, "Mama, si ulisema chakula hakitupwi?" Nilikosa la kumjibu. Kuanzia hapo tukawa tunakula vya pakiti tu, na tuliporudi nilitoa ndani ya gari mifuko miwili ya taka, karibu yote chupa za maji na vifungashio.

Nyumbani tunajitahidi kweli. Tunakula vya msimu, nyama tumeipunguza, maganda yanakwenda kwenye mboji. Inaniuma kwamba tukiingia kwenye gari yote hayo tunayaacha mlangoni. Nibebe nini, na nini ninunue njiani? Halafu kuna ndugu aliniambia kwamba maadamu tunachoma petroli, haya mengine ni kujisumbua bure. Ana haki?

Buti Jepesi
Pole sana dada. Nimezunguka na wanangu watatu tangu wa mwisho akinyonya, na maharage yameshanichachia mimi pia. Kilichokuponza ni wingi. Sufuria kubwa likiingia kwenye gari bado moto, katikati yake hapapoi kwa saa nyingi, na bakteria huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Kukiwa na joto kali, kama ndani ya gari lililoegeshwa juani, saa moja inatosha kukiharibu. Wali nao uuogope, kwa sababu kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi hata maji yakichemka, na wali ukikaa vuguvugu zinaamka.

Kwa hiyo pika cha siku ya kwanza tu. Kigawe kwenye vyombo vifupi vyenye vifuniko, kipoe haraka, kilale kwenye friji, ndipo kiingie kwenye boksi la barafu.

Boksi lenyewe lina namna yake. Usinunue barafu ya vipande vidogo, inayeyuka upesi. Gandisha chupa za maji kubwa, ukiacha nafasi juu maana maji yakiganda yanatanuka. Zikiyeyuka mnazinywa, na hapo umeshaokoa chupa kadhaa za kununua. Boksi lijae, lisibaki na uwazi. Na vinywaji vya watoto viweke kwenye mfuko mwingine kabisa. Wangu walikuwa wanafungua boksi kila baada ya dakika kumi, na kila wakifungua baridi inatoka.

Nusu Ekari
Mimi nijibu la petroli, kwa sababu nalisikia sana na linawakatisha watu tamaa. Petroli ina hesabu yake na chakula kina hesabu yake. Moja haifuti nyingine. Mwaka 2018 watafiti wawili, Poore na Nemecek, walichapisha utafiti uliokusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,000 katika nchi 119. Ukizichambua takwimu hizo, usafirishaji wa chakula ni sehemu ndogo tu ya gesijoto zake, yaani gesi zinazopasha dunia joto, kama asilimia 6. Sehemu kubwa inatoka shambani kwenyewe na kwenye ardhi iliyofyekwa, na nyama ya ng'ombe inaacha dengu na maharage mbali sana. Kwa hiyo unachokula kina uzito kuliko kilikotoka.

Kutupa ndiko kunakouma zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 zilitoka majumbani. Mwanao alikuuliza swali la maana sana.

Bibi wa Watano
Mwanangu, usibebe matunda ya siku nne. Nunua ya mlo mmoja, kesho nunua mengine. Mimi nikimkuta mkulima anauza mavuno yake simuulizi kama ni mazuri, atasema ndiyo. Namuuliza, "Umevuna lini?" Anayejua anajibu papo hapo. Beba mfuko wako wa kitambaa na chombo chako, na kila mjukuu mpe zamu ya kuchagua tunda moja. Alichochagua mwenyewe hakiachi nusu.

Ndizi zikae peke yake, maana zinatoa gesi inayoivisha matunda ya jirani. Usiku mmoja tu na parachichi limeshalainika. Mayai ya kuchemsha yaache na maganda yake, na yakae kwenye baridi. Na huyo mama mkwe, muulize mwenyewe anapenda nini. Vya pakiti vina chumvi nyingi, kwa hiyo chakula cha wote kipikwe bila chumvi, kila mtu atie yake mezani. Atafurahi kuona hakutengewa sahani ya mgonjwa.

Mama Mapacha
Asanteni mno. Bibi, hilo la sahani ya mgonjwa limenigusa; ndilo nililokuwa nataka kulifanya. Sufuria kubwa nimeshaliondoa kwenye mzigo. Siku ya kwanza ni dengu, mayai, karoti na mkate, zinazofuata tutanunua asubuhi kwa asubuhi. Jana nimegandisha chupa mbili kubwa nikaziweka kwenye boksi kwa majaribio, na leo jioni bado kuna barafu ndani. Swali la mwisho: maganda nifanyeje? Mume wangu anasema tuyatupe tu dirishani, yataoza.

Buti Jepesi
Hapana, mwambie shemeji asitupe. Maganda kando ya barabara yanaita wanyama, na wanyama wanagongwa. Na hata mkiyatia pipani, yakifukiwa dampo pasipo hewa yanatoa methani, mojawapo ya hizo gesijoto. Sisi tuna ndoo ndogo yenye kifuniko kinachobana, chini tunatandaza magazeti makavu yanywe maji, na kila tukiongeza maganda tunaongeza gazeti. Siku nne haijawahi kutunukia garini. Tukifika nyumbani inakwenda moja kwa moja kwenye mboji, na anayeimwaga ni mtoto wa mwisho, hataki mtu mwingine aiguse.