Naombeni ushauri: neno "thole" la Kiskoti nilitafsiri vipi?

Wakuu, natafsiri hadithi fupi ya Kiskoti na nimekwama kwenye neno moja la zamani, thole. Linaanza na th ya thamani. Maana yake ni kubeba maumivu au dhiki bila kulalamika. Limetoka kwenye Kiingereza cha kale, ila leo utalisikia zaidi Uskoti na Ireland ya Kaskazini.

Nilianza na kuvumilia, nikaliona jepesi. Kustahimili lina uzito, lakini linanukia hotuba, na anayeongea ni bibi wa shambani. Kusubiri, kwa maana ile ya subira, lingenoga, ila msomaji atadhani bibi anangoja basi!

Kinachoniumiza kichwa hasa ni mahakama. Katika sheria za Uskoti, mtu ambaye kesi yake imeshasikilizwa hadi mwisho husemwa "ame-thole" kesi hiyo, na kwa kawaida hashtakiwi tena kwa kosa lile lile. Mwandishi anachezea maana zote mbili ndani ya sentensi moja. Nimejaribu kuibeba: bibi kabeba maumivu, mwanawe kabeba kesi. Inakaa sawa, au niweke tanbihi tu?